Risasi ya Dirishani

Mlango wa bafuni kwetu umelegea bawaba, na wa kulaumiwa ni farasi. Anaitwa Don Juan, barakoa mojawapo katika Hotline Miami, gemu ya Wasweden wawili, Jonatan Söderström na Dennis Wedin, iliyotoka Oktoba 2012. Ukiwa na barakoa nyingine, mlango unaousukuma humwangusha tu aliye nyuma yake. Ukivaa ya farasi, unamuua. Baada ya usiku mzima wa kuvamia milango ya Miami ya mwaka 1989, asubuhi nikaingia bafuni kwa bega. Mpwa wangu alikuwa ndani, mswaki mdomoni. Hakufa, ila dawa ya meno aliimeza yote.

Kazi yenyewe haina mzunguko. Simu ina ujumbe wa mafumbo, unavaa sura ya mnyama, unaendesha gari mpaka kwenye jengo la majambazi wa Kirusi, unawamaliza. Jengo unaliona kutoka juu, dari limeng'olewa. Risasi moja inakutosha. Ukifa unabonyeza R na kufufuka papo hapo, hasira bado ya moto. Utamu wake ni kwamba karibu kila kifo ni cha kujitakia: ulikuwa na papara, ulimsahau mbwa, ulirusha kisu kikamkosa mwenye bunduki.

Nami nikifa hupiga kelele. Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia akanogewa, alishazoea kuuliza kutoka jikoni.

“Baba Neema, nani kakuua tena?”

“Mbwa, Mama.”

“Pole, baba.”

Ilipoingia Hotline Miami 2: Wrong Number, ya Machi 2015, majibu yakaniishia. Majengo yamepanuka, madirisha yako kila upande, na watu wanakulenga wakiwa nje kabisa ya kioo cha kompyuta. Kipo kitufe cha kuchungulia mbele, Shift, nami nimekibonyeza mpaka maandishi yake yamefutika. Ile ya kwanza ilikutaka uingie kwa kasi, chumba baada ya chumba, bila kuvuta pumzi. Hii inakutaka ujibanze ukutani na kumwombea adui ajilete.

“Leo nani?”

“Simjui, Mama. Risasi imetoka dirishani.”

“Si uhame nyumba hiyo!”

Hakuna mhakiki niliyemsoma aliyeieleza vizuri zaidi.

Halafu wahusika. Ya kwanza ilimtegemea zaidi bwana mmoja asiyesema neno. Ya pili ni harusi ambayo kila mjomba lazima ashike kipaza sauti: mpelelezi Manny Pardo, mwanajeshi wa Hawaii ya mwaka 1985, mtoto wa bosi wa Kirusi, kundi la vijana wanaoiga mauaji ya yule bwana wa gemu ya kwanza, na wengine waliosimama foleni. Hadithi inaruka miaka mbele na nyuma, na uhuru wa kujichagulia barakoa umepungua sana. Niliyempenda ni mwandishi Evan, asiyetaka kuua. Akiokota bunduki anaitoa risasi. Nilijivunia mwenzangu wa kalamu mpaka nilipoona anavyoingia mikono mitupu kwenye chumba kilichojaa bastola. Kwa vifo vya huyo, mama mkwe aliacha hata kusema pole.

Kwa muziki, lakini, ya pili inashinda. Ya kwanza ilikuwa nao M.O.O.N. na Perturbator, na hilo si dogo. Ya pili ikamwongeza Carpenter Brut. “Le Perv” ulipoanza kugonga, mama mkwe aliyekuwa akimenya vitunguu saumu alianza kutikisa kichwa, kisu kikifuata. Kwenye gemu zote mbili, akianguka adui wa mwisho muziki unakatika, unabaki unarudi kwenye gari huku ukikanyaga ulichokifanya. Siku hiyo na kisu cha jikoni nacho kilisimama. “Zima basi,” akasema, “au washa tena ule wimbo.”

Niliimaliza usiku wa manane, mpwa begani. Mabomu ya nyuklia yakashuka, kioo kikawa cheupe.

“Mjomba, kwa hiyo wote tuliowahangaikia wamekufa?”

“Wote.”

Mlango wa chumba cha wageni ukafunguka kidogo.

“Na yule wa dirishani?”

“Naye, Mama.”

“Alhamdulillahi,” akasema, akarudi kulala.