Zisome Kuanzia Mkiani

Tangu mwaka 2020, lugha ya programu ya Python hutoa toleo jipya kila Oktoba, majira yaleyale ambayo hapa Myanga maturubai ya mahindi hayajaondoka kando ya lami. Kila toleo huja na waraka wa "Nini Kipya". Ule wa toleo la 2.0, mwaka 2000, waliuandika A. M. Kuchling na Moshe Zadka, na Kuchling akaendelea na kazi hiyo miaka mingi. Mimi hutunza programu za karo za shule chache kati ya hapa na Kitale, kwa hiyo husoma kila waraka, tena kuanzia mkiani, penye vitu vilivyoondolewa. Juu huko wanajisifu. Chini ndiko wanakosema ukweli.

Shemeji yangu, muuza mbegu na mbolea duka la pili, haelewi. "Mulamwa, kwani hiyo lugha haijaisha kutengenezwa?" Nikamuuliza kama Kitale wamemaliza kutengeneza mbegu za mahindi. H611 ilitoka mwaka 1964, zikafuata nyingine kwa nambari zake, na hadi leo mzee anaingia dukani mwake, anapita rafu yote ya mbegu mpya, anaulizia H614. Shemeji akavuta kiti. Haya basi, habari tisa, kutoka ile ya kuchekesha hadi ile ya kula pesa.

9. Mlango wafunguka (3.13, Oktoba 2024)

Miaka nenda miaka rudi, ukiandika exit Python ilikujibu kwamba ukitaka kutoka uandike exit na mabano. Yaani ilijua unataka kutoka, ikakueleza namna ya kutoka, ikabaki imesimama mlangoni. Toleo la 3.13 linakuacha uende. Katika waraka ni mstari mmoja tu, umebanwa kati ya habari za kuhariri mistari mingi na za rangi. Mimi ningeuweka juu kabisa, na tarumbeta.

8. Tatu nukta kumi (Oktoba 2021)

Baada ya 3.9 ikaja 3.10. Mafaili ya mipangilio ya YAML yakaisoma nambari hiyo kama desimali, yakatupa sufuri ya mwisho, na watu wakajikuta wanaitiwa Python 3.1, ya mwaka 2009. Dawa yake ni alama mbili za kunukuu. Mwalimu wa hesabu wa darasa la tano angeipa kompyuta maki zote.

7. Mwizi akamatwa mwenyewe (3.10 tena)

Zamani ukisahau kufunga mabano kwenye mstari wa 4, Python ilikuja kumkamata mstari wa 5, ambao haujui lolote. Toleo la 3.10 linaonyesha mabano yenyewe yaliyoachwa wazi na kusema hayakufungwa. Nasifu pia namna waraka ulivyoandika jambo hili: ujumbe wa zamani, kisha ujumbe mpya chini yake, bila hotuba. Shemeji aliangalia mifano hiyo miwili na kuelewa, na huyu ni mtu ambaye simu yake bado ina vibonye.

6. Nukta mbili na alama ya sawasawa (3.8, Oktoba 2019)

Alama ndogo ya kukipa jina kitu katikati ya sentensi ya msimbo. Mabishano juu yake yalikuwa makali hata Guido van Rossum, aliyeianzisha lugha hii, akaachia uongozi Julai 2018, na nafasi yake ikachukuliwa na baraza la watu watano la kuchaguliwa. Waraka wa 3.8? Unaeleza alama, unatoa mifano, unasonga mbele, kana kwamba hakuna sahani iliyovunjika. Kwetu mwenyekiti akijiuzulu kwa sababu ya nukta mbili, kikao kitavunjika kwa kicheko kabla ya kufika kwenye mengineyo.

5. Jina lako limechukuliwa (3.7, Juni 2018)

Maneno async na await yalifanywa mali ya lugha. Yeyote aliyekuwa ameita kitu chake async, kwaheri. Maktaba ya Celery, inayotumiwa kupanga kazi kwenye foleni, ilikuwa na sehemu yenye jina hilohilo, ikabidi ibatizwe upya. Watetezi watasema onyo lilitolewa katika 3.6. Ni kweli. Ila maonyo ya aina hiyo kwa kawaida hayaonyeshwi mpaka uyaombe. Sijui nani anaamka asubuhi kuomba maonyo.

(Pumzi kidogo. Kabla ya 2017, kila aliyerekebisha Python aliongeza mstari katika faili moja la habari, na kwa kuwa wote waliandika mahali pamoja, kazi zao ziligongana kila siku. Ndipo Larry Hastings akaleta kifaa kiitwacho blurb: kila badiliko linaandikiwa kijifaili chake, na siku ya toleo vyote vinaunganishwa. Mwandishi wa kumbukumbu za chama angempigia magoti.)

4. Dakika 33 za Nairobi (3.9, Oktoba 2020)

Hii ni yetu. Kwa miaka mingi majira ya dunia yaliletwa na maktaba ya nje, pytz. Ukichukua Africa/Nairobi na kuipachika moja kwa moja kwenye tarehe, bila kufuata njia yake maalumu, ilikupa rekodi ya kwanza kabisa kwenye orodha: saa za jua la Nairobi kabla ya saa rasmi za serikali, yaani mbele ya saa za dunia kwa saa 2 na dakika 27. Sasa tuko mbele kwa saa 3 kamili. Mkutano wa saa nne asubuhi, 10:00, ulihesabiwa kuwa 7:33 kwa saa za dunia badala ya 7:00. Aliye ng'ambo akaingia dakika 33 baada ya wenzake. Kwa mkutano wa chama Myanga huko ni kuwahi, lakini kwa mteja wa London ni barua pepe yenye maneno ya adabu kupita kiasi.

Toleo la 3.9 likaingiza zoneinfo ndani ya lugha yenyewe. Inaitazama tarehe yako kwanza, ndipo inachagua saa inayoifaa. Waraka pia unakumbusha kwamba kompyuta isiyo na orodha ya majira ya dunia iongezewe kifurushi cha tzdata. Wa Windows, mmesikia. Linalobaki ni kwamba hakuna toleo hata moja linaloelewa saa nne asubuhi. Shemeji anasema huo ndio upungufu halisi wa lugha, na sikuwa na jibu.

3. Betri zilizokufa (3.13)

Python ilijivunia kuja na betri zake ndani, yaani moduli zake. Mwaka 2019 Christian Heimes aliandika pendekezo, namba 594, la kutoa zilizokufa. Maonyo yakaanza katika 3.11, na 3.13 ikaondoa moduli 19 kwa mpigo: cgi, telnetlib, crypt, nntplib na wenzao. Hapa waraka ni mzuri kuliko popote. Unazitaja moja moja na, pale penye mbadala, unakuambia uende wapi. Shule yoyote ambayo fomu yake ya karo ilijengwa juu ya cgi ina kazi likizo hii. Lakini kama yuko mtu Bungoma nzima anayeililia sndhdr, iliyobahatisha aina ya faili la sauti, ajitokeze. Chai na mandazi juu yangu.

2. Mabano ya print (3.0, tarehe 3 Desemba 2008)

Guido mwenyewe aliuandika waraka huu, na akaanza na mambo yatakayowakwaza watu, print ikiwa ya kwanza. Anawaambia wasomaji wazifundishe vidole vyao upya. Vidole viligoma. Kifo cha Python 2 kilipangiwa 2015, kikaahirishwa hadi tarehe 1 Januari 2020, na toleo la mwisho kabisa, 2.7.18, likatoka Aprili mwaka huo, baada ya mazishi. Waliosoma Pascal kwa mtihani wa KCSE hawakuona shida. Writeln ilikuwa na mabano yake tangu zamani, asante mwalimu.

1. Gunia lililopotea (3.0)

Print ikivunjika inapiga kelele, na programu inasimama. Kugawanya hakupigi kelele. Magunia 7 kwa watu 2: Python 2 ilisema kila mmoja 3, na gunia la saba halikuulizwa lilikokwenda. Python 3 inasema 3.5. Hakuna kosa lililotangazwa. Ni hesabu tu iliyobadilika, usiku, ndani ya programu inayohusu pesa za watu. Pendekezo lilikuwapo tangu 2001 na mtu aliweza kulijaribu tangu toleo la 2.2, lakini katika waraka wa 3.0 jambo hili lilipewa mistari michache tu, chini ya kelele za print. Ukitaka hesabu ya zamani, tumia mikwaju miwili.

Nikamwonyesha shemeji: 7//2 ni 3. Akatikisa kichwa, sawa. Kisha nikamwonyesha deni: -7//2 ni -4, kwa sababu Python hushuka chini daima. Watu wawili wanaodaiwa magunia 7, kila mmoja analipa 4.

"Hayo ni manane," akasema. "La nane linaenda kwa nani, mulamwa?"

"Kwa aliyesoma waraka."