Mwenzangu Ananguruma: Mshauri wa Shafti Ajibu

Barua ya kwanza imetoka Gazi. Msomaji analalamika kwamba mwenzake, aliyeishi naye kwa amani miaka mingi, siku hizi ananguruma kila wakielekea Chale, na chini anavuja uchafu mweupe kama tui. Mshauri alikuwa tayari kumwelekeza kwa kadhi, ndipo alipofika mstari wa mwisho: mwenza huyo ni mashine ya boti, nguvu za farasi 15.

Dawa ipo. Oili ya gia ikigeuka tui, basi maji ya bahari yameingia, na mara nyingi hupitia kwenye sili ya shafti ya propela. Mkosaji mkuu ni mshipi wa nailoni, unaojisokota nyuma ya propela na kuila sili kidogo kidogo. Kabla ya kumlaumu fundi, bwana huyu achunguze huo mshipi ni wa nani.

Avue propela, atoe nyuzi zote, sili ibadilishwe, kisha meno ya shafti yapakwe grisi ya baharini, ile isiyooshwa na maji. Akiacha kupaka, kutu itazigandisha propela na shafti, na talaka yao itatolewa kwa nyundo. Oili mpya isukumwe kupitia tundu la chini hadi ichomoze la juu, hewa isibaki ndani. Saa 100 za kazi zikitimia, au mwaka ukiisha, imwagwe tena. Wakati wa kusi, boti zikiwa zimepandishwa pwani, hana kisingizio.

Nahodha wa Shimoni, mwenye kupeleka wageni Wasini na Kisite, anauliza kama sifa yaweza kushika nafasi ya grisi. Marehemu babu yake aliipaka jahazi zima, halikuoza. Babu hakukosea. Mafuta yale ya maini ya papa ni ya mbao, nayo shafti inazunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Wageni nao wana pua. Na mafuta ya nazi, ambayo nahodha bila shaka atayauliza wiki ijayo, yabaki jikoni.

Mwanafunzi wa Diani ana boti ndogo ya rimoti: inaingiza maji na betri inakwisha upesi. Huyu ndiye aliyeandika vizuri kuliko wote. Grisi ndani ya kibomba cha shafti huzuia maji kupanda, lakini ikiwa nzito mno mota ndogo huchoka na kupata moto, achague nyepesi. Akishacheza kwenye maji ya chumvi, achomoe shafti, aifute mchanga, aioshe kwa maji matamu, aikaushe na kuipaka upya. Shafti ikiwa ya waya uliosokotwa, aache nafasi ya milimita 2 hivi kati ya kibomba na kishikio cha propela, kwa kuwa waya hujikunja na kufupika mota ikivuta.