Begi la Siku Tatu
Barua ya wazi kwa Jukwaa la Taifa la Kuzuia Hatari na Kusimamia Majanga, Burundi

Waheshimiwa,

Tunaanza na habari njema: kaya zetu za mwambao wa Ziwa Tanganyika, kutoka Kabezi hadi Nyanza-Lac, zimelielewa somo. Kaya iliyojiandaa kwa maafa ni ile yenye begi karibu na mlango, na ndani ya begi mna maji, chakula cha siku tatu, tochi, redio ndogo na vitambulisho vilivyofungwa kwenye nailoni. Ni ushauri mzuri. Hutolewa Japani na Marekani, ambako tetemeko au kimbunga hupiga, hupita, na siku ya nne lori la msaada hupiga honi. Tatizo letu ni dogo tu: ziwa letu halijui kuhesabu mpaka tatu. Mwaka 2020 lilikuwa limeshaingia mitaani. Aprili 2021 likafika karibu mita 776.4 juu ya usawa wa bahari, ilhali wastani wake uliozoeleka ni kama mita 774. Likarudi nyuma kidogo, kama mgeni aliyesahau kofia, na mwaka 2024 likaingia tena. Tumepiga hesabu: kwa miaka minne hiyo, kaya moja ya Rumonge ingehitaji mabegi yapatayo 487. Tunaomba mtuelekeze pa kuyaweka, maana sebuleni wanaogelea samaki.

Tukiacha mzaha (kwa muda), hoja yetu ni kwamba mmetupa dawa ya maradhi mengine. Yako maafa ya ghafla, na nchi hii inayajua. Usiku mmoja wa Februari 2014 mvua iliangusha nyumba kaskazini mwa Bujumbura na kuua watu zaidi ya 60. Aliyelala pale alihitaji begi, tena alihitaji miguu. Lakini ziwa halina tabia ya kuvamia. Lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga, kule Kalemie upande wa Kongo, na hata mlango huo hupitisha sehemu ndogo. Maji mengi huondoka kwa kupaa kuwa mvuke. Mvua ikizidi kinachopaa, ziwa hujaa taratibu, sentimita kwa sentimita, mbele ya macho ya kila mwenye macho. Janga hili hutoa taarifa miezi kadhaa kabla ya kubisha hodi. Katika visingizio vyote vilivyopo duniani, kimoja tu hakifai kutumika hapa, nacho ni kusema tulishtukizwa.

Wala si mara ya kwanza. Mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 zililipandisha ziwa hadi kilele cha 1964, na wazee wa mwambao hawakuhitaji warsha kulikumbuka hilo. Karibu karne moja kabla, mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa kwa matope na mafunjo. Mvumbuzi Stanley alifika hapo mwaka 1876 akaukuta umefunga. Mwishoni mwa miaka ya 1870 kizibo kikaachia, na ziwa likashuka kiasi cha mita kumi. Nenda Ujiji leo, kwenye mnara wa pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, uangalie maji yalivyo mbali. Kwa hiyo, waheshimiwa, ukingo wa ziwa hili haujawahi kuwa mstari. Ni upana mzima wa ardhi, na ziwa huutembea lote kwa zamu zake.

Hapo ndipo tunapokutana na Sheria ya Maji ya Machi 2012, iliyoweka mita 150 za ukanda wa hifadhi kandokando ya Tanganyika. Tunaiheshimu sheria hiyo. Tunauliza tu: mita 150 kutoka wapi? Mkipima kutoka ukingo wa leo, basi familia iliyojenga mita 200 kutoka majini imeamka asubuhi ikiwa mhalifu bila kusogeza tofali moja. Aliyesogea ni ziwa, na yeye hajaitwa hata kituoni kujieleza. Mkipima kutoka maji ya juu kabisa yanayokumbukwa, vizuri zaidi, lakini tuonyesheni yalifika wapi. Ni ya 1964 au yale ya kabla ya Lukuga kufunguka? Kaya inaambiwa isivuke mstari ambao haujachorwa ardhini, kisha inakaripiwa kwa kuuvuka. Tunapendekeza mahakama itoe hati ya kuliita ziwa, na likikosa kufika mara tatu, lihukumiwe bila kuwepo.

Mtatujibu, na jibu hilo tumelizoea, kwamba wananchi ni wakaidi: wamekatazwa kujenga pwani na wamejenga. Ni kweli wapo waliojenga baada ya 2012 wakijua wanachokifanya, baadhi yao kwa ghorofa na ukuta wa mawe, na hao hatuwatetei. Ila Rumonge haikuteremka kutoka mbinguni baada ya sheria. Ni mji wa ndagala na mukeke, wa mitumbwi inayotoka na taa jioni na kurudi alfajiri; samaki huanikwa mchangani na si kwenye kilele cha mlima. Bandari ya Rumonge yenyewe imekaa majini, kama bandari zinavyopaswa kukaa. Serikali inapojenga pwani inaitwa maendeleo. Muuza ndagala akijenga banda hatua mia moja kutoka hapo anaitwa mkaidi.

Na tuchukue kwamba mkaidi huyo ametii. Ahamie wapi? Uwanda wa Imbo ni utepe mwembamba kati ya maji na miteremko ya Mumirwa, na miteremko nayo inashuka. Mwaka 2015 mlima uliporomoka Gitaza, ukaua, ukabomoa nyumba na kuikata barabara ya taifa namba 3, ile inayotuunganisha na Bujumbura. Kulikimbia ziwa kwa kupanda Mumirwa ni kubadilisha mdai tu, deni liko palepale. Kinachobaki ni ardhi ya tambarare iliyoinuka kidogo, na hiyo ndiyo ya michikichi, na michikichi ya Rumonge ina kesi. Waliokimbilia Tanzania wakati wa mauaji ya mwaka 1972 walirudi wakakuta wengine wakivuna chikichi zao kwa miaka 30 na zaidi. Tume ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, ilihangaika na mafaili hayo miaka nenda rudi. Kwa hiyo neno hili jepesi, “hamieni mahali salama”, kwa kaya ya hapa maana yake ni kuingia kwenye shauri lililoanza kabla baba mwenye nyumba hajazaliwa. Hati ya kiwanja ndiyo kifaa cha kwanza cha kujiandaa kwa maafa mwambaoni. Haitoshi kwenye begi, na ndiyo maana haimo kwenye orodha.

Jibu la pili ni umaskini, na hili lina uzito. Nchi yetu ni miongoni mwa maskini kabisa duniani, na moshi tunaochangia kuchafua hali ya hewa ni mdogo mno. Aprili 2024 serikali, pamoja na Umoja wa Mataifa, iliomba msaada kwa ajili ya watu zaidi ya 200,000 walioathirika tangu Septemba 2023, karibu 100,000 kati yao wakiwa wamehama makao. Ilikuwa sahihi kuomba. Lakini hema huombwa likishatakiwa, na hema lina tabia ya kuzeeka na mtu wake: wengi waliohamishwa Gatumba baada ya Mto Rusizi kufurika Aprili 2020 waliishi kwenye mahema miaka, si miezi. Tunashuku (mtusamehe) kwamba dharura ina wafadhili, kamera na fulana zilizochapishwa, ilhali nguzo ya kuonyesha kimo cha maji, iliyopakwa rangi, haina hata mtu wa kuizindua.

Na nguzo ndiyo tunayoomba. Taasisi ya Jiografia, IGEBU, inafuatilia kimo cha ziwa. Namba ipo, haijateremka tu kutoka ofisini hadi mchangani. Simikeni nguzo Rumonge, Kizuka, Minago na Magara, zenye alama ya maji ya 1964, ya 2021 na ya 2024, ili kila mama anayeanika ndagala aone kwa jicho lake nyumba yake iko juu ya alama ipi na chini ya ipi. Namba ya wiki isomwe redioni kwa Kirundi na Kiswahili, na itangazwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa na kanisani Jumapili. Nyumbakumi awe na daftari la kaya zilizo chini ya kila alama. Na kabla ya amri ya kuhama, kila kaya iliyo chini ya alama ya 2024 ionyeshwe kiwanja chake, kipimwe mbele ya bashingantahe, wazee wetu wa usuluhishi, ipewe karatasi yake mkononi. Iwe kwa utaratibu huo, si kinyume chake.

Tunajua mko katika shughuli nyingi. Mikoa 18 imegeuzwa kuwa 5, Rumonge imeacha kuwa mkoa miaka kumi tu baada ya kufanywa mkoa, na mafaili bado yanatafuta kabati zake. Ziwa halikuguswa na mageuzi hayo. Mvua huanza Septemba, na maji hufikia kilele Aprili na Mei. Nguzo zikisimikwa Agosti, rangi itakuwa imekauka.