Bili Haikukatika

AOL ya Marekani ilizima intaneti yake ya kupiga simu tarehe 30 Septemba 2025. Ndiyo, 2025. Kumbe bado ilikuwepo? Ilikuwepo, tena ikilipiwa. Wapo wateja wa mashambani, ambako kampuni za nyaya ziliona nyumba tatu katika maili kumi si biashara. Hao tuwaache, hawakuchagua. Ninaowastahi ni wale waliokwisha kuwekewa intaneti ya kasi, lakini wakaendelea kulipa ada wasije wakapoteza anwani ya barua pepe, ambayo AOL yenyewe iliifanya ya bure mwaka 2006. Kilobiti 56 kwa sekunde, tena siku njema! Picha ya mjukuu inashuka kuanzia nywele; ikifika kidevuni, mtu anainua simu ya sebuleni, laini inakatika. Bili haikukatika hata mwezi mmoja.