Katika Kuisifu Nyumba Inayovuja

Wametangulia watu wa kalamu kuusifu mwezi mwandamo, uso wa mahabubu na upanga wa shujaa, wala sikumbuki kumsikia hata mmoja wao aliyechovya wino kwa ajili ya tundu lililo katika paa. Na maadamu Al-Jahiz wa Basra, mwanachuoni mkubwa wa karne ya 9, hakuona haya kuwatungia mabakhili kitabu kizima, mimi nami sioni haya kumtolea shukrani mgeni huyu ambaye kila mwaka, ifikapo Aprili, huingia nyumbani kwangu bila ya kubisha hodi, na akishaingia hangoji kuonyeshwa pa kukaa.

Nyumba yetu i Ng'ambo, katika mji wa Unguja. Paa lake lilikuwa la makuti katika zama za marehemu babu, likawa la mabati katika zama za baba, na katika zama zangu limekuwa nusu bati na nusu dua. Bibi yangu, ambaye Mungu amempa umri na kumbukumbu ichaguayo, hula yamini kwamba makuti ya babu hayakupitisha hata tone moja. Lakini mashahidi wa habari hiyo wote wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na makuti yenyewe yaliliwa na moto wa jikoni zamani. Yakini niliyo nayo mimi ni ya mabati. Kaskazi ikisha kuchoka na kusi ikianza kukohoa upande wa bahari, mawingu husimama juu ya kisiwa kama wadai mlangoni, na Aprili, ambao ni mwezi wenye mvua nyingi kuliko miezi yote kwetu, huanza kazi yake kwa bidii ambayo laiti ningekuwa nayo mimi kazini kwangu.

Elimu niliyoipata kwa mvujo huu sikuipata chuoni wala skuli. Bati, kama ajuavyo kila aliyelitazama kwa makini, lina migongo na mabonde. Maji hupita mabondeni, na kwa sababu hiyo msumari hupigwa mgongoni, mahali ambapo maji hayakai. Fundi aliyetuezekea, Mola amsamehe, aliona bondeni ndiko penye raha ya kupigia nyundo, akapiga huko misumari isiyo na idadi. Kisha jua la mchana likawa likilitanua bati na baridi ya usiku ikilisinyaza, mwaka hata mwaka, mpaka kila msumari ukajipatia nafasi ya kupumua, na hewa ya chumvi itokayo pwani ikamaliza yaliyobaki. Hapo ndipo nilipofahamu hila ya maji. Tone lidondokalo juu ya mto wa bibi halikuingilia juu ya mto wa bibi: liliingia mbali, karibu na kilele cha paa, likashuka taratibu chini ya kombamoyo kama mwizi ashikaye ukuta gizani, na lilipokuta fundo la kamba likaona hapa panafaa. Ndiyo maana kila nilipopanda na lami yangu kuziba palipodondoka, nilikuwa naziba mahali pasipokuwa na kosa. Uvumi wa mtaani nao ni hivyo hivyo, husikika kwa jirani wa kulia, kumbe asili yake ni kwa jirani wa kushoto; na tangu nijue mwendo wa tone sijamgombeza tena jirani wa kulia.

Na taarabu! Watu hutoa fedha kwenda kusikiliza Ikhwani Safaa, chama kilichoasisiwa mwaka 1905, nami siwalaumu. Lakini yule ambaye hajalala katika chumba chenye debe, bunguu la udongo, kopo la maziwa na karai, kila kimoja kikipokea matone yake kwa wakati wake, hajui jinsi ngoma inavyoweza kupigwa bila mpigaji. Debe likiwa tupu hulia kwa ukali, likisha kupata maji shubiri moja sauti yake hutulia ikawa nzito, na kopo, lililo jepesi la tabia, halinyamazi mpaka lijae. Mwanangu wa kati alijua kwa sikio tu, macho yakiwa yamefumba, ni chombo gani kilichokaribia kufurika, akawa akimwamsha mama yake kwa adabu: «Mama, debe linakuita.»

Maji hayo hayakumwagwa ovyo. Visima vyetu vimechimbwa katika jiwe la matumbawe, na maji yake huwa na ukaidi fulani, hayakubaliani na sabuni. Utasugua kanzu mpaka mkono ufe ganzi na povu halitoki. Maji ya mvua ni kinyume chake, na mke wangu, ambaye hakuwahi kulisifu paa letu kwa neno lolote linaloandikika, alikiri siku moja kwamba katika Aprili kipande cha sabuni humtosha kwa muda mrefu kuliko katika mwezi wowote mwingine. Mimi niliyaita maji ya bomba la mbinguni, yaletwayo hadi miguuni pa kitanda bila ya foleni. Yeye aliyaita kwa jina jingine.

Kazini nako mvujo ulinisitiri. Mimi ni karani, na mkubwa wangu ni mtu asiyesadiki homa wala misiba (kwa kusema kweli nimekwisha kuwazika kwa mdomo wajomba wanne, na ninao wawili tu). Lakini nikichelewa na kusema, «Bwana, nyumba inavuja,» hushusha kalamu, hunitazama kwa huruma ya ndugu, na kuniuliza ni upande gani. Kwani yeye hukaa Mji Mkongwe, katika nyumba ya mawe na chokaa yenye mlango wa nakshi, na dari zake za boriti za mikoko zilijengwa bapa, ukutani hadi ukutani, kwa ufahari wa watu ambao, nadhani, walipanga kusafiri wakati wa masika. Kuna asubuhi tuliyokaa nusu saa nzima, bwana na karani wake, tukilinganisha matone, na faili za serikali zikitungoja kwa subira ziliyoizoea.

Nisisahau fadhila ya mgeni. Alitujia jamaa mmoja kwa siku tatu, akakaa wiki ya pili. Na lile jembe ambalo wahenga wameagiza mgeni apewe siku ya tatu halina kazi mjini, kwa kuwa hapana shamba la kumpeleka. Ulimi wangu haukuthubutu, wala wa mke wangu. Tone lilithubutu. Lilimshukia usiku wa manane kwenye sikio la kulia, akageuka, likamngoja kwenye la kushoto, na alfajiri alituaga kwa mahaba makubwa, akisifu ukarimu wetu na kuiombea nyumba dua, ambayo kwa bahati haikutakabaliwa.

Wapo watakaonikumbusha ukungu ulioota juu ya kanzu yangu ya Idi hata ikawa ya kijani, viatu vilivyovaa ndevu chini ya kitanda, kikohozi cha mtoto mdogo, na hati ya nyumba ambayo tarehe yake imeoga mpaka haisomeki. Yote ni kweli, na kikohozi sikifanyii mzaha. Mwezi wa Aprili una mapumziko ya tarehe 7, tena ya tarehe 26, siku ya Muungano wa 1964, na kila mwaka huweka nia kwamba siku hizo mbili nitapanda juu nitengeneze. Na mvua, kana kwamba imesoma kalenda, hunyesha tangu sala ya alfajiri siku zote mbili.

Lakini jambo lililonitia kuandika ni pembe ya ukumbi. Nyumba nzima, vyumba vyake vitatu na ukumbi wake, ina mahali pamoja tu pasipovuja, karibu na mlango wa ghala, papana kiasi cha mikeka miwili. Miezi kumi na mmoja sisi ni kama wapangaji wa nyumba moja: watoto wana chumba chao, bibi ana tasbihi yake, mpwa wangu aliyetoka Pemba kusoma hula peke yake na kufunga mlango, na mke wangu na bibi husalimiana kwa heshima ambayo ingefaa mabalozi. Usiku wa Aprili bati likianza kunguruma hata mtu hasikii kauli ya aliye ubavuni pake, kila mmoja hutoka na godoro lake kichwani, na tukakutana pembeni pale, miguu ikigusana, taa moja katikati. Hapo ndipo mpwa wangu aliposema kwa mara ya kwanza kwamba masomo yamemshinda. Hapo bibi alisimulia harusi yake kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu bwana harusi alikuwa mrefu zaidi. Na usiku mmoja, vyombo vyote vikiwa vimekwisha kujaa, bibi alimwambia mke wangu akaishushe sufuria ya shaba, ile ya pilau ya arusi, ambayo hajapata kuwaazima hata binti zake wa kuwazaa, ikawekwa chini ya tundu, ikalia kwa sauti nzuri kuliko vyombo vyote, na bibi akasema, «Mkwe wangu, tangu leo hii iwe mkononi mwako.»

Mwezi wa Mei alikuja fundi mwingine, mtu wa migongoni. Aling'oa misumari, akaziba mabonde, akachukua ujira wake, na mvua iliyofuata haikupata pa kupita. Nililala kitandani mwangu, mkavu, nikisikiliza vyombo visivyolia. Saa nane za usiku niliinuka nikaenda ukumbini, nikamkuta bibi amekaa pembeni pale gizani, na tasbihi yake.

«Shikamoo, bibi. Hujalala?»

«Marahaba, mjukuu wangu. Nyamaza usikilize.»

Nikanyamaza. Kutoka upande wa ghala, mbali, palisikika kitu kama kidole kikigonga ubao: mara moja, kisha, baada ya kitambo, mara ya pili.

«Kamwamshe mkeo,» akasema bibi, «alete sufuria.»