Sukuma wiki yapandishwa cheo

Whole Foods, kampuni ya maduka ya vyakula, ilipofungua milango Harlem, New York, Julai 2017, kwenye kona ya mtaa wa 125 na Lenox, wenyeji waliambiwa wamesogezewa mboga. Ahsante sana, ila sukuma wiki walikuwa nayo tangu zamani. Kilichokosekana ni taa ya kuimulika na ukungu wa kuinyunyizia. Na tukumbuke ni kampuni ileile ambayo mwaka 2015 duka lake moja la California liliweka mabua matatu ya asparaga ndani ya chupa ya maji, likabandika dola 5.99. Baadaye ikasema ni makosa. Makosa, naam, lakini yalishapata bei.

Mtauliza, kwani watu wa Harlem hawastahili chakula kizuri? Wanastahili, na walikistahili miaka yote duka lilipokuwa mbali. Njaa haikulivuta, lilivutwa na mishahara ya wapangaji wapya. Ndiyo maana mpangaji wa siku nyingi akisoma bei ya nyanya, mwenye nyumba husoma kodi ya mwakani. Madalali nao hutaja duka la aina hiyo kwa dakika za miguu. Meza za mboga za kando ya barabara hawakuwahi kuzipimia umbali.