Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Afya ya Mwani, Popote Alipo

Mheshimiwa,

Hongera kwa semina. Tumefundishwa kwamba mwani uliopauka, ukalegea na kukatika wenyewe, una maradhi, na kwamba tuung'oe tuutoe baharini. Tumesikia. Maradhi yenyewe tunayafahamu: yakiingia, polo linarudi nyumbani jepesi.

Ila mbegu safi tuipate wapi? Mwani, kama ujuavyo (dereva wako anajua), haupandwi kwa punje. Tunakata kipande cha mwani ulio hai, tunakifunga kwenye kamba, basi. Kipande kikiwa kigonjwa, kamba nzima imo hatarini. Tukiishiwa, mbegu hutoka kijiji kingine, imeshindiliwa ndani ya polo, bila jicho la mkaguzi kuiona. Ng'ombe akivushwa bahari huulizwa kibali. Mbegu ya mwani husafiri kama mheshimiwa: haiulizwi kitu.

Kilimo hiki kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu ya Ufilipino, na hadi leo tunakatakata ukoo uleule. Kotonii, aina ya mwani yenye bei ya kueleweka, imetufia kwenye mashamba mengi. Tumebaki na aina ya spinosamu, ambayo bei yake tunaitaja kwa kunong'ona.

Ukatushauri pia, maji yakichemka wakati wa kaskazi, tuhamie kina kirefu. Ushauri wa maana! Wengi wetu ni wanawake, kuogelea hatujui, mtumbwi hatuna. Semina ijayo uifanyie hukohuko kinani. Sisi tutakusikiliza tukiwa ufukweni.

Bango lako linasema kila mkulima alinde shamba lake. Mimi ninayewaandikia wenzangu barua hii nautoa mwani mgonjwa hadi nchi kavu. Jirani yangu, aliyechoka, anauachia hapohapo, na maji yakijaa unanijia. Nimzuie kwa ukuta? Bahari hii ni moja, Mheshimiwa, na hilo bango halijaambiwa.

Tunachoomba ni kitalu cha mbegu, mtu wa kuikagua kabla haijapakiwa garini, na kijiji kizima kusafisha kamba na kutoa mwani mgonjwa kwa siku moja. Posho ya semina moja ingeanzisha mengi.

Karibu ujionee. Bamvua lijalo maji yatakuwa yamekupwa saa nne asubuhi, saa ambayo ofisini kwako, tumesikia, ni ya chai.

Wako watiifu,
Wakulima wa mwani, pwani ya mashariki, Unguja